Jina la Kijana Katika Daftari la Mikopo

Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garsen



Halmashauri imeniagiza nisome mbele yenu maneno machache juu ya jambo lililoulizwa mara nyingi mwaka huu katika ofisi yetu. Nalo ni hili: kijana ambaye hajapata kukopa popote, hana shamba lenye hati, wala hana mshahara wa kila mwezi, afanyeje hata aaminiwe na wenye fedha? Si mimi niliyestahili kulijibu, kwa kuwa ninyi wazee mliyajua mambo ya amana na deni kabla sijazaliwa. Walakini kazi ya karani ni kuandika na kusoma yaliyoandikwa, na uaminifu wa mtu siku hizi umekuwa jambo la maandishi. Kwa hiyo nimekubali.

Zamani hapa kwetu mtu alikopeshwa na yule aliyemjua. Mwenye duka wa Garsen, wa Ngao au wa Kipini alimjua mkulima, akamjua baba yake, akajua na shamba lake liko upande gani wa mto. Alimpa unga na mafuta ya taa, akaandika katika daftari, akangoja maembe yaive. Mfugaji naye alimwachia jamaa yake ng'ombe wa kukama wakati wa shida, na hapakuandikwa neno lolote, kwa sababu mashahidi walikuwa ni ukoo mzima. Watu wa pwani waliita biashara ya namna hiyo mali kauli, yaani mali inayotolewa kwa neno la mtu. Aliyevunja neno lake hakupelekwa mbali. Alipita sokoni tu akaona watu wanageuza nyuso.

Wazee watakumbuka pia, au walisimuliwa na baba zao, kwamba katika siku za ukoloni palikuwa na sheria juu ya mikopo ya Waafrika. Mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali cha wakubwa hakuweza kumdai mbele ya korti. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kutukinga na madeni. Matunda yake yalikuwa kwamba wafanyabiashara wetu walibaki na vibanda vidogo, kwa maana hakuna aliyetaka kuwaamini kwa fedha nyingi. Nalitaja jambo hilo ili vijana wajue kwamba kuaminiwa kwa mkopo si jambo dogo. Wazee wetu walinyimwa na sheria. Sisi tumefunguliwa mlango, na yafaa tusiufunge kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa niwaeleze jinsi mambo yalivyo leo. Kwa miaka mingi kila benki ilikuwa na daftari lake, na benki moja haikujua yaliyomo katika daftari la nyingine. Mtu mjanja alikopa hapa asilipe, akavuka barabara akakopa pale. Ndipo kanuni zikatungwa mwaka wa 2008, na mwaka wa 2010 ofisi ya kwanza ya kukusanya habari za mikopo ikapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Ofisi hizi ndizo ambazo watu wote huziita kwa herufi tatu, CRB. Miongoni mwake ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yao si kukopesha. Kazi yao ni kupokea habari kutoka kwa wakopeshaji, kuziweka chini ya namba ya kitambulisho cha kila mtu, na kumwonyesha mkopeshaji anayeuliza.

Hapo mwanzo zilipokea habari mbaya peke yake, yaani majina ya walioshindwa kulipa. Ndiyo sababu wengi wetu tuliisikia CRB kama jina la gereza. Lakini kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka wa 2014 ziliagiza kwamba habari njema nazo zipelekwe. Tangu wakati huo aliyelipa kwa tarehe yake huandikwa kwamba amelipa. Kutokana na habari hizo mtu hupewa alama; Metropol, kwa mfano, huhesabu alama kutoka 200 hadi 900, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo mtu anavyoaminiwa zaidi. Kwa hiyo CRB ni daftari la duka lililopanuliwa likawa la nchi nzima. Tofauti yake ni moja: mwenye duka aliujua uso wako na msiba wako, na daftari hili halijui uso wala msiba. Linajua tarehe.

Ndugu zangu, sitaki mdhani kwamba nawafundisha jambo ambalo mimi sikulikosea. Mwaka wa 2015 nilikuwa kijana wa miaka 24, nimetoka shule ya sekondari ya misheni miaka michache nyuma, natafuta kazi. Nilikopa shilingi 2,500 kwa simu ili nipate nauli ya kwenda Mombasa. Kazi sikuipata. Simu nayo ikapotea, nikanunua laini nyingine, nikajiambia kwamba deni lile limepotea pamoja na laini. Sikuwa na nia ya wizi. Nilikuwa na ujinga, na ujinga ule ulikuwa mtamu, basi sikuuchunguza.

Ikaja masika ya mwaka wa 2018. Mnakumbuka wote jinsi mto ulivyotoka katika kingo zake. Shamba la mama yangu lilikuwa karibu na maji. Ndizi zilikwenda, mahindi yakaoza yakiwa wima. Mwaka uliofuata mvua zikakawia. Mimi na ndugu yangu tukaona kwamba tukipata pampu ya maji tutaweza kulima bila kungoja mbingu. Nikavaa shati langu jema nikaenda kuomba mkopo wa shilingi 40,000. Yule bwana wa mikopo alinipokea kwa adabu, akaandika namba ya kitambulisho changu, akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Je, kuna deni la mwaka wa 2015 unalolikumbuka?"

Nililikumbuka mara ile ile. Deni halikuwa katika laini, lilikuwa katika kitambulisho. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Hakunilaumu. Asubuhi aliwatoa mbuzi wanne akawapeleka mnadani, tukanunua pampu iliyokwisha kutumika. Mbuzi wale alikuwa amewaweka kwa ajili ya uzee wake. Nimelipa deni lile pamoja na nyongeza zake, nimemrudishia mama mbuzi, lakini kila nipitapo mahali pa mnada hulikumbuka jambo hilo, na ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayowasomea.

Hiyo ndiyo habari ya aliyeharibu jina. Lakini wako wengine walio wengi zaidi, ambao hawajaharibu chochote. Kijana mmoja alinijia ofisini akasema kwa fahari, "Karani, mimi sina deni hata la senti moja, kwa nini wameninyima?" Nikamjibu kwamba yeye si mtu mbaya, bali ni mtu asiyejulikana. Ukurasa wake ni mweupe, na ukurasa mweupe si ushahidi wa lolote. Mwenye mtumbwi hamkatai mgeni kwa chuki. Humwuliza kwanza nani anamjua ng'ambo. Hapana budi basi kijana aanze kujulikana, na mwanzo wake uwe mdogo na safi.

Njia yenyewe nimeigawa katika mambo sita.

La kwanza, kila kijana awe na laini ya simu iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na asimwazime mtu mwingine kitambulisho hicho. Katika wilaya zetu wako wanaotumia laini za shangazi, za kaka, au za rafiki. Anayelipa vema kwa laini ya mwenziwe hujenga jina la mwenziwe. Na anayeazimwa laini akalipa vibaya hubomoa jina la mwenye laini, naye hana habari.

La pili, akiba itangulie deni. Kijana afungue akaunti au aingie katika chama cha akiba na mikopo, aweke kidogo kidogo bila kukosa. Haba na haba hujaza kibaba. Vyama vingi vya namna hiyo hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, wakiwapo wadhamini. Mwenye bodaboda aliyeweka shilingi 10,000 aweza basi kuomba 30,000 za kutengenezea chombo chake, na akiba yake yenyewe ndiyo inayomsemea.

La tatu, mkopo wa kwanza uwe mdogo, uwe na kazi iliyokusudiwa, na ulipwe kabla ya siku yake. Mfuko wa Hustler ulioanzishwa na Serikali tarehe 30 Novemba 2022 ulianza kwa mikopo ya shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, na muda wa kulipa ukawa siku 14. Sehemu ya 5 kwa mia katika kila mkopo iliwekwa kuwa akiba. Wengi walicheka shilingi 500, wakasema itafaa nini. Itafaa kuonyesha kwamba ulirudisha shilingi 500. Anayelipa kwa wakati huongezewa kiwango. Aliyezila kwa dhihaka hubaki pale pale. Basi mama muuza samaki akope za kununulia samaki, auze, alipe, kisha akope tena. Wala asikope za kununulia nguo ya harusi, kwa maana nguo haizai fedha ya kulipia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

La nne, mtu asibishe hodi katika milango mingi kwa siku moja. Akikopa kwa huyu ili amlipe yule, mwishowe hana la kumlipa yeyote. Na achague mkopeshaji aliyepewa leseni. Tangu kanuni za mwaka wa 2022, wakopeshaji wa simu wametakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, tena wamekatazwa kumtisha mdeni, kumtukana, au kuwapigia simu jamaa zake ili kumwaibisha. Atakayefanyiwa hivyo aandike malalamiko. Karani wenu yupo tayari kumsaidia kuandika.

La tano, kila mtu asome ukurasa wake. Sheria inampa mtu haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Akiona kosa, kama vile deni alilokwisha kulipa au deni asilolijua, ana haki ya kulipinga kwa maandishi, na ofisi hiyo yapasa ilichunguze. Kadhalika, mkopeshaji anayetaka kupeleka habari mbaya za mtu hutakiwa kumpa notisi ya siku 30 kwanza. Siku 30 hizo ni mlango uliobaki wazi, msiuache ujifunge.

La sita, msiba ukija, mdeni aende kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake. Sisi ni watu wa mto. Tuliona maji ya El Niño ya 1997 na 1998, ambayo yaliharibu hata mashamba makubwa ya mpunga ya Serikali huku kwenye delta. Tukaona ya 2018. Tukaona tena ya 2023 na 2024. Kati ya mafuriko hayo tukaona ukame uliomaliza ng'ombe wa ndugu zetu. Mkopeshaji wa mbali hasikii mto ukivuma. Anayekwenda na kusema, "Shamba langu limezama, naomba mnipangie upya," aweza kupangiwa. Anayezima simu huandikwa tu kwamba hakulipa.

Mtaniuliza, na aliyekwisha kuanguka je? Dawa ya deni ni kulipa. Akilipa, na apate cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba hadaiwi. Kwa kanuni za mwaka wa 2020 anayekiomba kwa mara ya kwanza hupewa bila malipo. Cheti hicho huombwa pia na waajiri wengi, hata kijana asiyetaka mkopo hukihitaji atafutapo kazi. Kanuni hizo hizo zilikataza madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yasipelekwe kuchafua jina la mtu. Walakini wajue kwamba habari mbaya haifutwi siku ile ile ya kulipa. Hukaa miaka mitano tangu deni lilipomalizwa, ikiwa imeandikwa kwamba limelipwa. Kwa hiyo yeyote anayewaambia, "Nipe fedha kidogo nikufutie jina," ni mwongo. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ilitoa nafasi kwa waliokuwa na madeni madogo ya simu wasamehewe nusu na kupanga kulipa iliyobaki, hata mwisho wa Mei 2023. Kwa hesabu iliyotolewa, waliokuwa wameharibikiwa jina kwa madeni hayo walizidi milioni 4. Basi asijione peke yake, wala asikae gizani.

Ndugu zetu Waislamu wamenikumbusha, na ni haki yao, kwamba riba kwao ni haramu, na kijana hawezi kuambiwa ajenge jina kwa kuvunja dini yake. Ni kweli. Mabenki yanayofuata sharia yalianza kufunguliwa nchini Kenya mwaka wa 2008. Desturi yao ni benki kununua chombo, kisha kumwuzia mteja kwa bei iliyotajwa wazi, naye akalipa kwa mafungu. Malipo hayo nayo yana tarehe, na mlipaji mwema huandikwa vema kama mwingine yeyote. Kwa hiyo kijana wa mifugo asiache njia hii akidhani haina mlango wake.

Sasa, wazee wangu, niruhusuni niseme neno moja kwenu kwa unyenyekevu. Vijana wengi hawakuharibu majina yao peke yao. Tuliwaambia, "Mwanangu, nikopee kwa simu yako, nitakulipa nikiuza ndama," na ndama akauzwa, na fedha zikaenda kwenye karo au mahari, na kijana akabaki na deni la mzazi asiloweza kulitaja kwa heshima. Hakuna kijana wa Kipokomo wala wa Kiorma atakayemdai babaye mbele za watu. Kwa sababu hiyo hiyo ya heshima, yafaa sisi wakubwa tusimweke mahali ambapo heshima yake kwetu itamharibia maisha. Ikiwa hapana njia nyingine, basi mzazi alipe deni hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Hali kadhalika, tunapoombwa kuwa wadhamini, tukumbuke kwamba sahihi yetu ni ahadi ya kulipa. Tumdhamini tunayemjua, tukimdhamini tumfuatilie.

Halmashauri inaleta maombi matatu mbele ya Mkutano huu. Kwanza, Chama kifungue daftari la mikopo midogo ya vijana, kila mmoja na ukurasa wake, kila malipo yawe na risiti na sahihi mbili. Daftari letu halitasomwa na CRB, lakini kijana ataweza kulichukua na kumwonyesha bwana wa mikopo, naye ataona kwamba mtu huyu ameaminiwa na wakwao akarudisha. Pili, barua za kumsifu kijana zitolewe kwa kutazama daftari hilo, wala si kwa kutazama ukoo wake wala upande wa mto alikozaliwa. Tatu, iwekwe siku moja kila mwaka ambapo wanachama watakuja ofisini na vitambulisho vyao, karani awasaidie kuomba na kusoma taarifa zao, ili asiwepo mtu wa kusubiri mpaka siku ya shida ndipo ajue yaliyoandikwa juu yake.

Ombi la pili nalisisitiza. Mnajua yaliyotupata katika delta hii mwaka wa 2012. Baada ya mambo kama yale, kuaminiana hakurudi kwa hotuba. Hurudi pale mkulima anapouza nyasi kwa mfugaji kwa malipo ya baadaye, na malipo yakaja siku iliyosemwa. Daftari moja lenye majina ya pande zote mbili, na ndani yake hakuna aliyependelewa, laweza kufanya kazi ambayo mikutano mingi haikuifanya.

Bwana Mwenyekiti, baba zetu walituachia jambo moja ambalo mafuriko hayakulichukua, nalo ni desturi ya mtu kutimiza neno lake. Daftari limebadilika, kalamu imebadilika, na anayesoma yuko Nairobi. Neno lenyewe ni lile lile. Tuwasaidie vijana wetu walianze vema, hata kwa shilingi 500, ili siku watakapohitaji pampu, mtumbwi au duka, mama zao wasilazimike kupeleka mbuzi mnadani.

Naliacha jambo hili mikononi mwenu.